ANWANI SI JINA: RAI KUHUSU ISTILAHI ZA MITANDAO NA HAJA YA KUTENGA KITAMBULISHI NA MAHALI

1.0 Utangulizi

Katika mijadala ya istilahi za kompyuta, wanaisimu wa Kiswahili tumetumia muda mwingi kubishania jina la mashine yenyewe. Wako waliopendelea kompyuta, wako waliopigania tarakilishi, na wako waliosema ngamizi. Mjadala huo ulikuwa na faida zake, lakini ulitufanya tuamini kwamba tatizo la istilahi ni tatizo la kutafuta neno pale ambapo neno halipo. Makala haya yanakusudia kuonyesha tatizo la aina nyingine, ambalo kwa maoni yetu ni la hatari zaidi kwa sababu halionekani. Neno lipo, ni la Kiswahili fasaha, limezoeleka, na hakuna anayelitilia shaka. Ila linabeba dhana mbili ambazo fani yenyewe imekwisha kuzitenga.

Neno hilo ni anwani. Katika vitabu na miongozo ya mitandao iliyoandikwa kwa Kiswahili, kila namba inayohusu kompyuta huitwa anwani: namba inayosema kompyuta ni ipi, na namba inayosema kompyuta hiyo iko wapi. Rai yetu ni kwamba matumizi hayo yaachwe katika ufundishaji na katika miongozo ya kitaalamu, na kwamba neno anwani libakie na dhana ya mahali peke yake.

Mfano tutakaoutumia ni itifaki ya LISP, yaani utaratibu wa kuelekeza mawasiliano unaotenga kitambulishi cha kompyuta na mahali ilipo. Tumeuchagua kwa kuwa ndani yake utengano huo si nadharia. Ni jambo ambalo fundi hana budi kuliandika kwa mkono wake katika swichi, mstari kwa mstari, na akikosea mtandao hausemi neno. Tutahadharishe mapema kwamba LISP hii haina uhusiano na lugha ya programu ya Lisp iliyoasisiwa na John McCarthy mwaka 1958. Majina yamegongana tu, na mgongano huo nao ni ukumbusho kwamba hata lugha zilizotutangulia katika fani hii hazijasalimika na jina moja kubeba mambo mawili.

2.0 Tukio lililozaa rai hii

Miaka michache iliyopita tuliombwa kutafsiri mwongozo wa mafunzo kwa ajili ya mafundi wa taasisi moja yenye matawi katika miji kadhaa. Mwongozo ulikuwa na fomu ya safu mbili, ambayo fundi aliijaza kabla ya kuigusa swichi. Katika safu ya kwanza yaliandikwa makundi ya namba za kompyuta zilizomo ndani ya tawi. Katika safu ya pili iliandikwa namba ya swichi ya ukingoni, yaani swichi inayotazamana na ulimwengu wa nje. Nasi, kwa kufuata kamusi, juu ya safu ya kwanza tuliandika "Anwani ya tawi", na juu ya safu ya pili "Anwani ya swichi ya tawi".

Fundi mmoja kijana alizigeuza safu hizo. Namba ya swichi aliiandika mahali pa kundi la tawi, na kundi la tawi akaliandika mahali pa namba ya swichi. Seva inayotunza rejista ya matawi haikulitambua kundi lililoletwa, hivyo ikalikataa. Na kwa kuwa habari ya zamani haikuhuishwa, baada ya dakika tatu tawi zima likafutwa katika rejista. Taa za swichi ziliendelea kuwaka kama kawaida. Ofisini watu walidhani nyaya zimekatika.

Mwalimu wake alipomuuliza kwa nini hakusoma maelekezo, kijana alijibu kwa adabu: "Nimeyasoma, mwalimu. Lakini zote mbili ni anwani za tawi. Ningejuaje ipi ni ipi?" Jibu hilo lilitufikia sisi watafsiri, na hatukuwa na la kusema. Kosa halikuwa lake. Lilikuwa letu, na tulilifanya tukiwa tumeshika kamusi mkononi.

3.0 Dhana mbili ndani ya neno moja

Kwa haki, hatukuwa wa kwanza kukosea. Itifaki ya intaneti, toleo la 4, ilipochapishwa rasmi mwaka 1981, iliipa kila kompyuta namba ya biti 32, na namba hiyo ikapewa kazi mbili kwa pamoja. Kwa programu zinazozungumza, ilikuwa utambulisho: ndiwe uliyezungumza nami dakika iliyopita. Kwa ruta zilizo njiani, ilikuwa mwelekeo: pakiti hii ipitishwe huku. Hata hivyo, kabla ya hapo, mwaka 1978, John Shoch alikwisha kuandika kwamba jina huonyesha kinachotafutwa, anwani huonyesha kilipo, na njia huonyesha jinsi ya kukifikia. Mwaka 1982 Jerome Saltzer aliuendeleza mjadala huo katika makala iliyochapishwa tena mwaka 1993 miongoni mwa hati za intaneti. Wataalamu walizijua tofauti hizo. Mazoea ndiyo yaliyozishinda.

Kwa miaka mingi mazoea hayo hayakuleta madhara makubwa, maana kompyuta ilikaa mahali pamoja. Mambo yalibadilika taasisi zilipoanza kuunganishwa na kampuni mbili za intaneti kwa wakati mmoja ili moja ikianguka nyingine isaidie. Taasisi ya namna hiyo ilitaka namba zake zile zile zitangazwe kupitia pande zote mbili, na kila tangazo lilihitaji nafasi katika kumbukumbu za ruta kubwa duniani kote. Jedwali la njia likaendelea kunenepa. Mwezi Oktoba mwaka 2006 Bodi ya Usanifu wa Intaneti iliitisha warsha mjini Amsterdam kulijadili suala hilo, na ripoti yake ya mwaka 2007 ilitaja kuchanganywa kwa utambulisho na mahali kuwa miongoni mwa vyanzo vya tatizo. Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwezi Agosti mwaka 2014 jedwali lilipovuka takriban njia 512,000, baadhi ya vifaa vya zamani, ambavyo kumbukumbu yao ilikomea hapo, vilishindwa kufanya kazi ipasavyo.

LISP ni mojawapo ya majibu yaliyotokana na mjadala huo. Dino Farinacci na wenzake walianza kuiandika mwaka 2007. Ikachapishwa kama itifaki ya majaribio mwezi Januari mwaka 2013, na mwezi Oktoba mwaka 2022 ikapandishwa na kuingizwa katika mkondo wa viwango rasmi. Haikuitwaa intaneti nzima kama baadhi ya waasisi walivyotumaini, lakini imepata makazi katika mitandao ya taasisi, vyuo na vituo vya data, hasa pale ambapo watu na mashine huhamahama.

4.0 Fundi anaandika nini katika swichi

Ili msomaji asiye mtaalamu aone uzito wa suala hili, hebu tuchukue taasisi ya kubuni yenye tawi Tanga na tawi Mwanza. Kompyuta za Tanga zina namba za kundi la 10.1.0.0/16, na za Mwanza kundi la 10.2.0.0/16. Tawi la Tanga limeunganishwa na kampuni mbili, na swichi yake ya ukingoni ina namba 192.0.2.1 upande mmoja na 198.51.100.1 upande wa pili. Swichi ya Mwanza ina namba moja ya nje, 203.0.113.1. Namba hizi za nje tumezitoa katika makundi yaliyotengwa kwa ajili ya mifano ya maandishi.

Kwanza, fundi wa Tanga huiamuru swichi ianze kutumia LISP. Pili, huandika mstari ulio moyo wa kazi nzima: kundi la 10.1.0.0/16 linapatikana kupitia 192.0.2.1, na mstari mwingine kama huo kwa 198.51.100.1. Katika kila mstari huongeza tarakimu mbili, yaani kipaumbele na uzito. Kipaumbele chenye tarakimu ndogo ndicho hutangulia, na 255 humaanisha kwamba mahali hapo pasitumike. Vipaumbele vikilingana, uzito hugawa mzigo. Kwa mfano 60 huku na 40 kule. Tatu, huipa swichi kazi zake mbili: kufungasha pakiti zinazotoka na kufungua zinazoingia. Nne, huielekeza kwa seva ya maulizo, itakayoulizwa wengine wako wapi, na kwa seva ya rejista, itakayopokea habari za tawi pamoja na neno la siri. Mwisho, upande wa seva ya rejista huandikwa ni kundi lipi linaruhusiwa kuletwa na tawi lipi kwa neno la siri lipi.

Baada ya hapo mambo huenda hivi. Kompyuta ya Tanga, 10.1.5.7, inataka kuzungumza na 10.2.8.9 ya Mwanza. Swichi ya Tanga haina habari za mwenye namba hiyo, kwa hiyo inauliza. Inajibiwa kwamba kundi la 10.2.0.0/16 liko 203.0.113.1, na jibu hilo inaliweka katika kumbukumbu ya muda, kwa kawaida kwa saa 24. Kisha inaichukua pakiti nzima bila kuibadilisha na kuitia ndani ya pakiti nyingine, ambayo juu yake imeandikwa kwamba inatoka 192.0.2.1 na inakwenda 203.0.113.1, kwa UDP kupitia mlango namba 4341. Ruta zilizo njiani husoma bahasha ya nje tu. Kundi la 10.2 hazilijui wala hazina haja ya kulijua. Swichi ya Mwanza huifungua bahasha na kuikabidhi pakiti kwa mwenyewe.

Kila baada ya dakika moja au karibu na hapo, swichi huihakikishia seva ya rejista kwamba tawi lake bado lipo. Dakika tatu zikipita pasipo habari, seva huifuta. Ndiyo zile dakika tatu za fundi wetu.

Utaratibu huu una gharama. Bahasha ya nje huongeza baiti 36 katika toleo la 4: 20 za kichwa cha IP, 8 za UDP na 8 za LISP yenyewe. Pakiti iliyojaa baiti 1500 hutoka na 1536, na fundi asiyeongeza kipimo cha njia za katikati atashangaa kuona ujumbe mfupi unapita na faili kubwa zinakwama. Tena, pakiti ya kwanza kwenda mahali pasipojulikana huweza kupotea wakati jibu linasubiriwa. Hatuyataji haya ili kuisifu wala kuilaumu itifaki. Tunayataja ili ionekane kwamba faida yake yote imesimama juu ya jambo moja: kompyuta ikihama kutoka Tanga kwenda Mwanza, inabaki 10.1.5.7, na kinachobadilika ni mstari mmoja katika rejista, unaosema kwamba namba hiyo sasa inapatikana kupitia 203.0.113.1. Mazungumzo yake hayakatiki. Imehama bila kugeuka kuwa mwingine.

Sasa tuulize: katika maelezo hayo, anwani ni ipi? Tukisema kwamba 10.1.5.7 ni anwani na 203.0.113.1 pia ni anwani, tumelazimika kusema kwamba kompyuta imehama bila kubadilisha anwani, ila anwani yake imebadilika. Sentensi hiyo haieleweki, na mwanafunzi anayeishindwa hana lawama.

5.0 Ushahidi wa matumizi ya jamii

Baadhi ya wenzetu watasema kwamba utengano huu ni dhana ngeni, na kwamba lugha yetu haikuwahi kuuhitaji. Sisi tunaona kinyume chake. Wasomaji wengi wa jarida hili walikua katika utaratibu wa sanduku la posta. Barua ya mwanafunzi iliandikwa jina lake, chini yake jina la shule, na chini kabisa S.L.P. na namba. Karani wa posta hakuwa na haja ya kumjua mwanafunzi. Alisoma namba ya sanduku na kazi yake ikaishia hapo. Barua zilipochukuliwa na kufikishwa shuleni, ndipo jina liliposomwa mbele ya mstari, na mwenye barua akajitokeza. Sanduku moja lilihudumia mamia ya watu. Mwanafunzi alipohamishiwa shule nyingine, jina halikubadilika, lilibadilika sanduku. Swichi ya Mwanza ndiyo sanduku, na 10.2.8.9 ndilo jina linalosomwa mstarini.

Mfano wa pili ni wa karibuni zaidi. Zamani mtu alipoziona tarakimu za mwanzo za namba ya simu ya mkononi, alijua mara moja kampuni inayomhudumia mwenye namba. Namba ilisema mtu ni nani na papo hapo ikasema yuko mtandao gani. Tangu mwaka 2011 nchini Kenya, na tangu mwaka 2017 nchini Tanzania, mteja anaweza kuhamia kampuni nyingine na namba yake ile ile. Tangu hapo tarakimu za mwanzo si ushahidi tena. Namba imebaki kuwa kitambulishi, na habari ya mahali imehamia katika rejista ambayo mpiga simu haioni. Wananchi waliupokea utaratibu huo bila kufundishwa nadharia yoyote, na hakuna aliyesema kwamba aliyehama kampuni amekuwa mtu mwingine.

Mfano wa tatu unaligusa neno lenyewe. Mwaka 2022 Tanzania iliendesha kazi kubwa ya kuzipa barabara majina na nyumba namba, sambamba na matayarisho ya Sensa ya mwezi Agosti mwaka huo, na kazi hiyo ikaitwa Anwani za Makazi. Hapa anwani ni kibao cha mlangoni. Mpangaji akihama, kibao hubaki. Kwa kazi hiyo umma umekwisha kufundishwa, nyumba kwa nyumba, kwamba anwani ni ya mahali na si ya mtu. Wanaistilahi tungefanya makosa kuuacha ushahidi huo ukatupita.

Ni kweli kwamba neno hili lina historia nyingine. Tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko lina maana ya kichwa cha maandishi pamoja na maana ya maelekezo ya barua. Hata katika Kiswahili, hasa nchini Kenya, bado tunasema anwani ya kitabu au anwani ya insha tukikusudia jina lake. Yaani tangu asili neno hili limekuwa na mguu mmoja katika jina na mguu mmoja katika mahali. Uwili huo haudhuru katika fasihi. Katika fomu ya fundi, umeufuta mji mzima katika rejista.

6.0 Ushahidi wa sarufi

Kuna hoja nyingine iliyo karibu zaidi na idara zetu. Kiswahili, katika wakati uliopo, hakichanganyi kuwa mtu fulani na kuwa mahali fulani. Tunasema "Asha ni mwalimu", lakini "Asha yuko Tanga". Kwa utambulisho tuna kitenzi kishirikishi ni. Kwa mahali tuna -po, -ko na -mo. Mwingereza hutumia kitenzi kimoja kwa yote mawili. Hatudai kwamba kwa sababu hiyo Waswahili wangeibuni LISP kabla ya wengine. Dai la namna hiyo lingekuwa la kujisifu bure. Aidha tunakiri kwamba tofauti hiyo hufifia katika nyakati nyingine, kwani "alikuwa mwalimu" na "alikuwa Tanga" hutumia kitenzi kimoja, ingawa bado tunayo nafasi ya kusema "alikuwako". Tunachodai ni kidogo zaidi: tofauti ambayo mwalimu wa mitandao anahangaika kuieleza kwa Kiingereza, mwanafunzi wetu huja nayo kutoka nyumbani.

Mstari ule wa swichi, ukisomwa kwa Kiswahili, ni sentensi ya -ko: "10.1.0.0/16 iko 192.0.2.1". Kila upande una kazi yake, na haugeuziki, kama vile "Asha yuko Tanga" isivyogeuka kuwa "Tanga iko Asha". Kijana wetu angeisoma fomu yake kama sentensi, sikio lake lingemwonya.

Ukanusho nao una msaada wake. Mawasiliano yanapokatika, fundi wa LISP anakabiliwa na makosa ya aina mbili. La kwanza ni la utambulisho: kundi lililoletwa si la tawi hili, au neno la siri si lenyewe, na seva ya rejista imekataa. La pili ni la mahali: kundi linatambulika na limo katika rejista, ila swichi lilikoelekezwa haifikiki. Katika kosa la kwanza anakagua rejista. Katika la pili anakagua njia kati ya swichi na swichi. Si na haiko ni maneno mawili yanayompeleka fundi sehemu mbili tofauti. Neno moja, "anwani ina tatizo", halimpeleki popote.

7.0 Pendekezo na pingamizi zake

Tunapendekeza istilahi tatu. Ya kwanza ni namba ya IP, itumike kwa umbo la tarakimu zenyewe bila kutaja kazi yake. Ya pili ni kitambulishi, itumike kwa namba inayosema kifaa ni kipi. Ndiyo inayofupishwa EID katika hati za LISP. Ya tatu ni anwani, itumike kwa namba inayosema kifaa kiko wapi, yaani ile inayofupishwa RLOC. Kitambulishi kimeundwa kwa njia iliyozoeleka katika sarufi yetu, kama vile kiunganishi, kiwakilishi na kiambishi, na kinatofautiana vya kutosha na kitambulisho, ambacho katika matumizi ya kila siku ni kadi ya mfukoni.

Pingamizi la kwanza ni kwamba zote mbili zina sura moja, tarakimu nne zilizotengwa kwa nukta. Hilo ni kweli, na ndiyo sababu tumependekeza namba ya IP kwa ajili ya sura. Namba ya shati la mchezaji na idadi ya mabao vinaandikwa kwa tarakimu zile zile, wala hakuna mtangazaji anayeviita kwa jina moja.

Pingamizi la pili ni kwamba fundi atakutana na EID na RLOC katika swichi yenyewe, kwa hiyo azizoee hizo. Hatukatai. Amri za swichi hazitafsiriwi, na mwongozo mzuri utaziacha zilivyo. Lakini amri huandikwa na mtu aliyekwisha kuelewa, na kuelewa kunafanyika katika maelezo. Vifupisho viwili visivyo na maana kwa msomaji vitakaririwa leo na kugeuzwa kesho.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi: anwani ya IP imekwisha kuenea katika simu, magazeti na vitabu vya shule, na istilahi haishindani na umma. Hapa tunakubali kurudi nyuma hatua moja. Anwani ya barua pepe haina haja ya kuguswa. Imetulia na haimdhuru mtu. Katika mazungumzo ya kawaida anwani ya IP nayo iendelee. Tunachoomba ni kwamba vitabu vya mitandao, mitihani na fomu za kazi vitenge. Tena vianze na lile linaloitwa anwani ya MAC, yaani namba ya biti 48 ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani. Namba hiyo haisemi lolote kuhusu mji wala jengo kilimo kifaa. Kuiita anwani ni sawa na kumwita mtu kwa jina lake la kuzaliwa na kudhani umetaja mtaa anaoishi. Iitwe kitambulishi cha MAC.

Pingamizi la mwisho ni kwamba itifaki hupita, na hakuna sababu ya kuitengenezea LISP lugha yake. Lakini tofauti tunayoitetea si ya LISP peke yake. Itifaki ya HIP, ambayo usanifu wake ulichapishwa mwaka 2006, na ILNP ya mwaka 2012, zimejengwa juu ya utengano huo huo kwa mbinu nyingine. Itifaki zitapita, swali la nani na swali la wapi yatabaki.

8.0 Hitimisho

Tumeeleza kwamba neno anwani, kama linavyotumika katika Kiswahili cha mitandao, limeurithi mkanganyiko wa miaka ya mwanzo ya intaneti wakati wenye fani wenyewe wamekwisha kuanza kuufumua. Tumeonyesha kwamba jamii yetu inautenga utambulisho na mahali katika posta, katika simu na katika vibao vya nyumba, na kwamba sarufi yetu inautenga katika sentensi ya kawaida kabisa. Kwa hiyo kinachotakiwa si kubuni neno jipya la ajabu. Kinachotakiwa ni kuliwekea mipaka neno tulilo nalo na kulipa mwenzake.

Ni wajibu wa vyombo vyetu vya lugha, BAKITA, BAKIZA na wenzetu wa Kenya na Uganda, kukaa pamoja na walimu wa mitandao kabla kamusi zijazo hazijachapishwa, na kuwauliza si tu neno gani linakosekana, bali pia neno gani linafanya kazi mbili. Orodha itakayopatikana huenda ikawa ndefu kuliko tunavyodhani.

Kwa upande wetu, tuliirudia ile fomu. Juu ya safu ya kwanza sasa pameandikwa: "Kitambulishi: tawi hili ni lipi?" Juu ya safu ya pili: "Anwani: tawi hili liko wapi?" Ni marekebisho ya maneno machache, ambayo yalipaswa kufanywa na watafsiri kabla kijana yule hajalaumiwa mbele ya wenzake.